Mahari ya Noti

Jokébed alirudi kwao Vuhovi akiwa amepungukiwa jino la mbele, na mama yake, Kaswera, alilitazama pengo. Alimpashia maji ya kuoga, akampisha kitandani, kisha akaketi kizingitini akijua kwamba sasa mahari itadaiwa. Ulikuwa mwaka wa 1965. Uhuru wa Kongo ulikuwa umemchosha Kaswera, uasi ukamchosha zaidi, na wanajeshi waliokuja kuwafukuza waasi walikula kuku walewale waliowaponyoka waasi. Alidhani uchovu umekwisha kabisa kwake, kumbe akiba bado ilikuwepo.

Kwao Wanande mahari ni mbuzi, na mbuzi wa binti ndio wanaomwoza kaka yake. Lakini Jokébed alipoolewa, mwaka wa pili wa uhuru, baba mkwe wake, Zorobabel, alikuwa mtu wa kisasa. Alikuja na tai shingoni, na badala ya kuswaga mbuzi kumi njia nzima akaweka mezani faranga elfu mbili.

"Mama Kaswera, mbuzi iko inakufa," alisema. "Noti hapana."

Siku hizo shilingi moja ya Uganda ilikuwa faranga kumi, na mbuzi alikuwa shilingi ishirini. Hesabu ilikaa sawa, na kila mtu akala akashiba.

Kaswera hakuzigusa zile noti. Zilikuwa za mwanawe Ésaïe, za kumwolea mke, na fedha ya mahari haitumwi sokoni kununua chumvi. Waasi walipoingia wakala mbuzi wa kijiji kizima, yeye alikimbilia misitu ya Kasugho, noti zimefungwa tumboni chini ya kitenge. Huko msituni alimzika mume wake. Sufuria zake zote zilipotea, lakini noti haikupotea hata moja, na hilo alijivunia, maskini, maana hakuwa na kingine cha kujivunia.

Zorobabel hakukawia kutuma neno: mahari irudi, la sivyo Jokébed arudi kwa mumewe. Kaswera hakubabaika. Alichukua noti zake akapanda lori la kahawa la tajiri Asumani, ambamo Ésaïe alikuwa mpakizi, akaenda Beni kwa Sikitu, mama wa Kiislamu aliyeuza vitenge mtaa wa Bungulu na kubadilisha faranga kwa shilingi. Atapata shilingi, aliwaza, kisha atashuka mpakani Kasindi kununua mbuzi kumi, na mambo yatakwisha.

Sikitu alizihesabu noti, akazinyoosha kwa kiganja.

"Mama, ulizichunga muzuri sana," alisema. "Lakini leo shilingi moja iko faranga makumi tano."

"Mi sikukuletea noti mbovu, Mama Sikitu."

"Haiko mbovu. Ni bei njo ilikimbia. Kila soko ilikuwa inapanda. Juu ya nini hukuniletea tangu zamani?"

"Ilikuwa mahari ya mutoto."

Sikitu naye alikuwa ameoza mabinti, kwa hiyo hakuuliza tena. Alimpa shilingi arobaini, akamnywesha chai, akamsindikiza mpaka kwenye lori. Kule Kasindi mbuzi alikuwa bado shilingi ishirini. Kaswera akarudi Vuhovi na mbuzi wawili.

Ésaïe alikuwa amechumbia Mariette, binti wa Butembo. Kijana huyo alilipwa kwa shilingi, na kila akilipwa alinunua mbuzi papo hapo, hakuzigeuza kuwa faranga zije zimchezee. Mbuzi wanane walikuwa wameshafika kwa baba yake Mariette, na wawili tu ndio waliobaki kulipwa. Wale wawili wa Kasindi, waliotosha kukamilisha mahari hiyo, walikuwa wamefungwa uani, na Kaswera aliona aibu hata kuwatazama. Asubuhi Ésaïe aliondoka bila kuaga, na mama akajua amekasirika.

Siku ya kikao Zorobabel alikuja na ndugu zake na mchungaji Ananie. Safari hii hakuvaa tai.

"Papa Zorobabel," Kaswera alisema, "zile noti ulileta zilizaa hizi mbuzi mbili. Njo zote hizi."

"Mi nilitoa mbuzi kumi."

"Ulileta noti. Ulisema hazikufi."

"Bantu bote balijua ni mbuzi. Noti ilikuwa kusimama tu pa nafasi yao."

Haki alikuwa nayo, hatumnyimi. Ila ilikuwa haki ya mtu ambaye mwanawe hung'oa watu meno, na hilo hakuna aliyelitaja mezani. Mchungaji Ananie alijikuna shingo kwa muda mrefu. Mwishowe akasema desturi ni desturi: mbuzi kumi, ao mutoto arudie nyumba yake.

Kwa mara ya kwanza tangu vita Kaswera alitamani kulala chini pale pale, mbele ya wageni. Jokébed akatoka chumbani, kitenge chake kimefungwa kuwa mzigo.

"Mama, acha. Nitaenda."

Kabla hajavuka ua, mbuzi walilia barabarani. Ésaïe aliingia na kamba za mbuzi wanane mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliwafungua wale wawili uani, akawaunganisha na wenzao, akamkabidhi Zorobabel kamba zote.

"Kumi," alisema.

Zorobabel alihesabu, kwani hata aibu ina mipaka yake, kisha yeye na watu wake wakaondoka. Jokébed alibaki amesimama na mzigo wake mpaka kaka yake alipoupokea na kuurudisha ndani.

Kaswera alimletea mwanawe maji ya kunawa. Alitaka kumshukuru, akaona neno lenyewe ni dogo mno.

"Na Mariette?" aliuliza.

Ésaïe alinawa uso, maji yakimdondoka kidevuni.

"Papa yake alikatala kuzirudisha," alisema. "Njo Mariette mwenyewe alizifungua kamba."