Nguzo ya Saba

Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu. Mvua ya alfajiri ilikuwa imekatika, na ukungu ulitanda juu ya matete hata paa la kanisa kuu likaonekana kama linaelea peke yake.

Katika nchi hiyo ya kinamasi, Kanisa ndilo lililotawala. Sheria zilisomwa mimbarani, na kengele ndiyo iliyofungua soko na kufunga mahakama. Nyumba, njia, hata makaburi, vyote vilisimama juu ya nguzo zilizopigwa topeni, na hapakuwa na nguzo iliyotumika bila muhuri wa Kanisa. Kipimo kilikuwa sala. Nguzo ilitwikwa mawe, ikachorwa mstari wa chokaa juu kidogo ya maji, kisha mkaguzi akasali Sala ya Nguzo mara tatu. Mstari ukibaki mkavu hadi amina ya mwisho, nguzo ilichomwa muhuri kichwani.

Fundi mkuu wa nguzo alikuwa mama mmoja mjane, mabega mapana kama mlango. Wenzake walimwita Polepole, maana kabla ya kumwita mkaguzi aliisali kwanza sala ile mwenyewe juu ya kila nguzo, kwa pumzi nzima, mstari kwa mstari, akisubiri tope lijibu. Walimtania, naye akacheka na kuendelea kusali vilevile. Kwa miaka thelathini hakuna nguzo yake hata moja iliyowahi kuinama.

Asubuhi hiyo daraja jipya la kwenda zahanati lilikuwa linafunguliwa. Jana yake, Polepole alipokuwa ng'ambo akichagua mbao, mkaguzi mpya alizipima nguzo zote kumi na mbili kabla yeye hajazisalia, mbio mbio, asije akakutwa na mvua. Mkaguzi huyo alikuwa shemasi, na shemasi huyo alikuwa mwanawe wa pekee. Polepole alimtazama alivyosimama ndani ya kanzu nyeupe, mtoto aliyemlea kwa kazi ya nyundo, na moyo ukamjaa pomoni.

Kisha macho yake yakashuka. Mistari ya chokaa ya nguzo nyingine ilikuwa mikavu. Wa nguzo ya saba ulikuwa umegusa maji.

"Mwanangu," alimnong'oneza, "ya saba haijakaa."

"Mama, nimeipima mwenyewe. Maji yamepanda kwa mvua."

"Yamepanda kwa ya saba peke yake?"

Shemasi akaanza kuipangusa kanzu yake.

"Ulisali kwa mwendo gani?"

"Mwendo wa seminari!" akadakia Domo, seremala asiyejua kuweka akiba ya maneno. "Mimi nilikuwepo. Akishasema 'Ee Bwana', ukipiga chafya tu umeikosa amina."

"Domo, hebu tupishe." Lakini masikio ya shemasi yalikuwa yamewaka moto. "Mama, Baba Askofu huyo anakuja. Nitaishughulikia kesho, kimyakimya."

"Na mgonjwa atakayepitishwa leo kwenye machela?"

Sheria ya nguzo Polepole aliijua. Aliisoma mwenyewe, kidole kikifuata kila neno, katika darasa la jioni alilojiunga nalo akiwa na miaka hamsini na mbili. Fundi anayepinga muhuri hupinga kwa sauti, mbele ya watu. Nguzo hupimwa upya na mkaguzi yuleyule. Ikisimama imara, fundi hunyang'anywa nyundo yake maisha.

Askofu alikuwa keshanyanyua mguu kukanyaga ubao wa kwanza.

"Baba Askofu, simama! Napinga muhuri wa nguzo ya saba."

Watu waliguna. Askofu, mzee mwembamba aliyevaa mabuti ya mpira kama kila mtu, akaurudisha mguu wake.

"Mama, unajua utakachopoteza?"

"Nakijua, Baba. Hiki hapa mkononi."

Mafundi wakapanga mawe juu ya ile nguzo. Domo akachora mstari mpya, safari hii bila mzaha. Shemasi akapiga magoti. Kila fundi alijua: shemasi akisali kama jana, amina itafika kabla tope halijaamka. Jina lake litabaki safi, na nyundo ya mama yake itakwenda. Polepole hakumtazama. Alifumba macho, akamwomba Mungu jambo moja tu, amshike mwanawe.

"Ee Bwana uliyetuinua topeni..."

Pumzi nzima.

"...shika kilichofichika chini yetu..."

Pumzi nyingine. Ulikuwa mwendo uleule aliomfundisha akiwa na miaka mitano, ameketi juu ya gogo, miguu ikining'inia majini.

Mara ya kwanza mstari ulibaki mkavu. Mara ya pili maji yakaukaribia. Katikati ya mara ya tatu yakaulamba, na ilipofika amina ulikuwa umepotea kabisa.

Shemasi hakungoja mtu aseme. "Imezama," alitamka. Akaomba patasi, akauchonga muhuri wake mwenyewe hadi mti ukabaki mweupe.

Domo alimgusa Polepole kiwiko. "Huyo ni wako, dada, huna haja ya kuulizwa. Sasa tuna Polepole wawili. Madaraja yataisha lini?"

Polepole alicheka huku machozi yakimtiririka, kichwa juu, wala hakuyafuta.

"Na zile kumi na moja?" aliuliza Askofu.

Shemasi akasimama, mkono juu ya nguzo, akawageukia watu wote.

"Mbele za Mungu, mbele yako Baba Askofu, mbele yenu nyote na mbele ya mama yangu, naahidi: nitazipima zote upya, leo hii. Na maadamu mimi ni mkaguzi, sitasema amina juu ya nguzo yoyote kabla fundi aliyeipiga hajaisema."