Tangi Lililokaa Kimya

Asubuhi hiyo Fancy Chepkirui aliamka na mambo mawili kichwani, na yote mawili yalitaka jibu kabla ya jioni. La kwanza lilikuwa tangi la kupozea maziwa la kikundi cha akina mama, pale juu ya soko la Litein, ambalo tangu mwanzo wa wiki lilikuwa limegoma. La pili lilikuwa kampuni moja ya Nairobi iliyomtaka arudi kazini. Walikuwa wamemwambia wazi kwamba jua likizama bila neno kutoka kwake, watamchukua mtu mwingine. Hilo la pili hakumwambia mtu yeyote pale nyumbani, hata Kogo, nyanya yake.

Kwa kweli mambo hayo yalikuwa moja. Tangi ndilo lililomrudisha kutoka mjini. Yeye ndiye aliyewashawishi akina mama walinunue likiwa kuukuu, akalifungia kompyuta ndogo isiyozidi kipande cha sabuni, akaiandikia programu ya kusoma joto la maziwa na kuwasha mtambo wa baridi. Tangi likikataliwa, angebaki Litein afanye nini? Achume chai? Alishajaribu, na majirani walicheka mpaka wakakaa chini kati ya mistari ya michai.

Winny, mwenyekiti wa kikundi, alimkuta mlangoni pa chumba cha tangi. Alikuwa mama mpole, na upole wake siku hiyo uliuma kuliko matusi.

"Fancy, mimi sina maneno mingi. Nyamweya anakuja na pickup saa sita. Maziwa ikiwa moto, hachukui. Na leo asipochukua, tunauza hii kitu, tunarudi kuuzia wachuuzi wa boda. Umeskia, mama?"

"Nimeskia, auntie."

Ndani, Kogo Taprandich alikuwa akipangusa mfuniko wa tangi kwa kitambaa, ingawa mfuniko wenyewe ulikuwa ukimetameta. Kogo ndiye aliyemlea, akamsomesha kwa chai na ng'ombe, na akamwona akipanda gari kwenda zake bila kumwaga chozi mbele ya watu. Katika kikundi kazi yake ilikuwa usafi. Hakuna aliyethubutu kumfundisha usafi Kogo. Hata Winny mwenyewe akifika pale alikuwa akiangalia viatu vyake kwanza.

Fancy alipindua kreti, akakalia, laptop magotini, akaingia kwenye ile kompyuta ndogo. Programu ilikuwa hai. Hilo ndilo lililokuwa likimtia wazimu. Haikuwa imeanguka, haikuwa imeandika kosa lolote, ilikuwa tu imekaa kimya huku maziwa ya asubuhi yakiwa bado na joto la ng'ombe. Swichi ya kuwasha mtambo kwa mkono ilikufa zamani, enzi za mwenye tangi wa kwanza, kwa hiyo kila kitu kilikuwa kikiisubiri hiyo programu iliyonyamaza.

Alikuwa ameisoma programu yake mpaka macho yakamtoka, na kila mara aliona kile alichotaka kukiona. Tabu ya kusoma kazi ya mikono yako ndiyo hiyo. Leo akaamua kuachana na alichoiandikia ifanye, atazame inafanya nini hasa. Akaandika amri ya strace, akaipa namba ya programu, akabonyeza Enter.

Programu, kwa mtu ambaye hajawahi kuchungulia huko, haina mikono. Ikitaka kufungua faili, kusoma kifaa, hata kulala kidogo, ni lazima iombe kwa kernel, yaani kile kiini cha mfumo kinachoshika kila kitu, na kiini ndicho hutenda na kurudisha jibu. Strace hukaa katikati ikisikiliza, na kila ombi na jibu lake hukuandikia mstari mmoja. Ni kama kukaa kando ya dirisha la duka: jirani hawezi kukudanganya alikwenda kununua nini.

Mistari ikaanza kushuka. Open: programu imeomba kufungua kipima joto, imekubaliwa. Read: imeomba kusoma joto. Jibu, -1, EIO. Maana yake kiini kilijaribu kuongea na kifaa, kikashindwa. Programu ikafunga, ikalala kidogo, ikaamka, ikaomba tena. Read, -1, EIO. Ikalala, ikaamka, ikaomba tena.

Fancy alihisi masikio yakiwaka moto. Alikumbuka siku aliyoiandika sehemu ile. Alijua nyaya huwa na vituko vyake, basi akaiambia programu: ukikosa jibu usijali, jaribu tena. Hakuiambia kwamba ikikosa na kukosa na kukosa, ipige kelele. Ndiyo sababu wiki nzima maskini ilikuwa ikiuliza kwa adabu, inanyimwa, inauliza tena, na haimwambii mtu.

"Pole," aliiambia, na hakuona haya kuiambia.

Akafungua dirisha la pili ili afuate ujumbe wa kiini chenyewe kwa dmesg, kisha akanyoosha mkono na kutikisa plagi ya kipima joto. Papo hapo mstari mpya ukatokea ukisema kifaa kimeonekana. Akaiachilia, na kule kwenye strace EIO zikarudi. Kwa hiyo kipima joto kilikuwa kizima na waya ulikuwa mzima. Ubaya ulikuwa pale pale, kwenye plagi.

Akaichomoa. Ilikuwa nyeusi tititi.

Haikuwa kutu. Ulikuwa unga laini mweusi, ulioshindiliwa kwa uangalifu mkubwa mpaka ndani kati ya pini, na mvuke wa maziwa ulikuwa umeulowesha. Fancy alipoinusa hakuhitaji kompyuta tena. Ilikuwa harufu ya jikoni kwao, harufu ya vibuyu vya mursik, maziwa yao ya mgando, vinavyoning'inia ukutani vikingoja wageni. Kwao, kibuyu cha maziwa hakiitwi kisafi kwa kuoshwa tu. Huchomwa kijiti cha mti wa senetwet mpaka kiwe mkaa, kikasuguliwa ndani ya kibuyu mpaka kuta zake ziwe nyeusi, ndipo maziwa yatiwe. Kibuyu kisichopakwa hivyo, mama mwenye kujiheshimu hakitoi mbele ya mtu.

Akageuka. Kogo alikuwa amesimama na kitambaa chake.

"Kogo," Fancy aliuliza kwa Kikipsigis, kwa sauti ya chini, "hapa ulipaka senetwet?"

"Nilipaka," Kogo alijibu bila wasiwasi. "Tangu mwanzo wa wiki, kila alfajiri kabla maziwa hayajafika. Hapo kwenye kichwa cha waya nilipaka sana, kwa sababu wewe mwenyewe uliniambia ndipo panapoonja maziwa. Sasa kitu kinachoonja maziwa bila senetwet kinaonja nini?"

Fancy alicheka, akataka kulia, akacheka tena. Hakuwa na moyo wa kumweleza kwamba mkaa hupitisha umeme, na kwamba pini zile tatu zilikuwa zikipigiana kelele badala ya kila moja kusema lake. Alisafisha plagi kwa pamba na spiriti, akaikausha kwa pumzi na kwa ncha ya blauzi yake, akairudisha. Kwenye strace mstari ukashuka. Read, na safari hii jibu lilikuwa joto lenyewe. Mtambo ukanguruma nyuma ya ukuta hadi kuku wa jirani wakatawanyika.

Nyamweya aliingia saa sita na ushee, mnunuzi wa maziwa kutoka Sotik, mwenye haraka na kipimajoto chake mwenyewe mfukoni, kwa sababu hakuwa akimwamini mtu. Alikitumbukiza, akangoja, akakitazama mara mbili.

"Hii imeshika baridi," alisema. "Nachukua yote."

Akina mama walipiga vigelegele. Winny akamkumbatia Fancy, kisha akauliza swali ambalo Fancy alikuwa akiliogopa. "Na shida ilikuwa wapi?"

"Ni mimi, auntie. Programu yangu ilikuwa inakosa jibu na hainiambii. Lakini nairekebisha leo leo. Ikikosa jibu tena, italia mpaka mskie huko kwa barabara."

Hayo yalikuwa kweli, ila hayakuwa kweli yote. Winny hakuwa mjinga. "Sawa. Lakini kwa nini ilikosa jibu?"

Fancy akainama kufunga laptop. Kogo ndiye aliyesema, na alisema kwa Kiswahili ili hata Nyamweya asikie.

"Ni mimi. Mimi nilipaka hiyo waya makaa. Kama sotet."

"Kama kibuyu?" Nyamweya alishika kiuno. "Mama, umepaka kompyuta makaa?"

Kicheko kilichopasuka humo ndani nusura kimwage maziwa. Winny alilazimika kuushika ukuta. Kogo peke yake hakucheka. Alisubiri wamalize, akiwa amekikunja kitambaa mikononi.

"Nilitaka hiyo tangi ikubali," alisema. "Ikikataa, huyu anarudi Nairobi."

Kicheko kikakatika. Winny akamtazama Fancy, Fancy akamtazama Kogo.

"Nani alikuambia mambo ya Nairobi?" Fancy aliuliza.

"Unaongea na simu nyuma ya jiko kama sisi wa jikoni hatuna maskio."

"Na mbona hukuniambia nibaki?"

Hapo Kogo aliacha Kiswahili, kwa sababu maneno yale hayakuwa ya Nyamweya. "Umesoma. Una mji wako na watu wako huko. Nikikuambia ubaki, kesho uje unitazame kwa hasira? Wewe sikuweza kukuambia. Nikaliambia tangi."

Nyamweya, ambaye Kikipsigis chake kiliishia kwenye majina ya vyombo vya maziwa, alikuwa ameinama akijifanya anakagua mikebe yake. Fancy alimwendea Kogo, akamshika mkono. Vidole vilikuwa vyeusi kwenye mistari yote, weusi usiotoka kwa sabuni.

"Mimi si tangi," Fancy alisema. "Niambie mimi."

Kogo alitazama mlango, akatazama michai kule nje, akatazama kila kitu isipokuwa yeye. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwomba Fancy kitu chochote, hata maji ya kunywa alikuwa akijichotea.

"Kaa," alisema. "Kaa na mimi."

Fancy hakutoka kwenda nyuma ya jiko. Alitoa simu pale pale, mbele ya akina mama wote, akapiga Nairobi kuwaambia wamchukue mtu mwingine, huku mkono wa Kogo ukiwa bado mkononi mwake.