Nyota Tisini na Nne za Baba Ilham

Mume wangu Burhani ana ugonjwa usio na dawa: senti za shaba za Marekani, tena za mwaka 1794 tu. Nimekaa naye miaka ishirini na sita, na kioo chake cha kukuzia kimelala kitandani mwangu kama mke mwenza.

Anakwambia zamani hizo mihuri ya kupigia sarafu ilichongwa kwa mkono. Mmoja ukivunjika unachongwa mwingine, kwa hiyo haifanani. Bibi wa kwenye sarafu hii nywele zimetimka, wa ile zimelala. Huku jani limezidi, kule muhuri ulipasuka. Mie namwona bibi yule yule. Burhani anazo za aina thelathini na moja, na miaka yote hii anasaka moja: ile ambayo nyuma, ukingoni, fundi alizungusha nyota tisini na nne, ndogo kuliko ufuta. Sababu yake hakuna aijuaye.

Sasa tulikuwa tunahama Uchina, tunarudi Unguja moja kwa moja. Kontena letu la mwisho limeshapakiwa bandari ya Huangpu, tiketi ni za Alhamisi. Jumapili akaniomba twende soko la vitu vya kale, aage tu. Bibi mmoja alikuwa ametandaza shaba kuukuu kwenye kitambaa. Burhani akaokota kipande cheusi, akakiweka chini ya kioo, akatazama ukingo. Akakigeuza, akatazama tena, na mie nikajua ndiyo ile.

Lakini nimenunua nguo za biashara soko la Shahe miaka kumi na minne, na pale ukikipenda kitu hukionyeshi. Unauliza bei, unasema tai gui le, ghali mno, unaondoka bila kugeuka. Hufiki mbali, laoban, mwenye duka, anakuita mwenyewe na bei imeshuka. Basi bibi alipotaja bei yake nikamfinya Burhani mkono, nikamwambia weka chini, nikamkokota. Hatua kumi, ishirini, hakuna aliyeita. Nikageuka kuchungulia, bibi anakunywa chai yake, hana habari na sisi.

Nikasema tumtie presha kidogo, tukale tambi kwenye mkahawa wa Waislamu. Mvua ikatufungia humo saa nzima. Tuliporudi hapakuwa na kitambaa wala bibi. Jirani yake akapunga mkono: mei you, hakuna, mpaka Jumapili ijayo.

Burhani hakunigombeza, na bora angenigombeza. Alikaa juu ya mabegi nyumbani, akanitazama kwa upole.

"Basi, Mama Ilham," akasema. "Haikuwa riziki yangu."

Moyo wangu ulikatika. Miaka yote hiyo, halafu nimemnyang'anya mie, kwa ujuaji wangu. Jumatatu nikaenda kuulizia kila kibanda. Jumanne nikarudi tena, wakaniona mwendawazimu. Jumatano, kesho yake safari, nikamvaa Burhani: vaa viatu, twende. Akasema nijipumzishe. Nikamwambia atapumzika yeye Unguja.

Tukamkuta. Bibi yuko kwenye kigoda na chupa yake ya chai, hakutandaza kitu. Majirani walimpigia simu kwamba kuna mgeni mwenye baibui anawasumbua siku mbili mfululizo. Alipotuona akatoa mfukoni bahasha nyekundu, ile senti imo ndani.

Nikamuuliza kwa Kichina changu cha sokoni, na hasira zangu zote, kwa nini Jumapili hakutuita.

"Nilidhani mmekwenda kuleta pesa," akajibu. "Mtu anayetazama ukingo namna ile lazima arudi. Nimewangoja mpaka nikalowa."

Mie nikakosa pa kuuficha uso. Burhani hakusikia hata neno, keshachuchumaa na kioo chake. Akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Nyingine zimelika, lakini alifika arubaini na moja, halafu akaacha kuhesabu. Mtu mzima yule, ndevu zimejaa mvi, analia na kucheka pamoja katikati ya soko. Furaha ilinipanda mpaka nikataka kumpigia vigelegele.

Bibi akataja bei. Ile ile ya Jumapili, hakupunguza wala hakuongeza. Na mie mazoea yamenikaa, mdomo ukafunguka wenyewe: "Tai gui..."

Burhani akanifinya mkono. Akanifinya hasa.

Nikafunga mdomo, nikafungua pochi.