Sufuria ya Kwelea

"Funika hiyo sufuria, Mayu. Hakuna anayekula."

"Nimenyonyoa tangu asubuhi mpaka vidole vinauma, halafu wewe uje na mkoba wako uniambie nifunike?"

Mama mkwe wangu, Nyanjige, ambaye kwa lugha yetu namwita Mayu, yaani mama, hakufunika. Alikoroga. Alikuwa amefika juzi kutoka Ipililo kututembelea hapa Nyashimo, na asubuhi hiyo, mimi nikiwa kazini, alinunua stendi beseni zima la kwelea kwelea, wale ndege wadogo wanaomaliza mtama na mpunga mashambani. Kwetu ni kitoweo. Hata mimi nimewala sana utotoni. Lakini Alhamisi jioni droni ilinyunyizia dawa ya kuwaua kwenye matete na mafunjo ya ziwani, wanakolala, na afisa ugani wa kata hii ni mimi. Tangu hapo nilizunguka na kipaza sauti nikitangaza: usiokote, usiuze, usile. Halafu naingia kwangu nakuta harufu ya vitunguu.

"Muuzaji kasema wamenaswa kwa nyavu Dutwa," alisema Mayu. "Dutwa wapi na ziwa wapi?"

"Ulitaka akwambie kaokota mizoga?"

"Kwako wewe kila mtu mwongo, mama Goodness. Mwaka jana ulimwaga dawa yangu ya mizizi niliyomletea mtoto. Leo unataka kumwaga na mboga."

"Umeonja?"

"Mpishi gani haonji?"

"Na Malimi?"

Malimi ni kitinda mimba wangu, ana miaka minne. Alikuwa uani anamkimbiza kuku. Mayu aliangalia moto.

"Kala viwili. Vidogo. Mtoto analia njaa, mama yake yuko barabarani na spika."

Nilimwita Malimi, nikamshika kidevu na kumgeuzia kwenye mwanga. Mboni za macho zilikuwa ndogo, lakini jua lilikuwa kali, za nani zingekuwa kubwa? Alikuwa na jasho, lakini alitoka kukimbia. Mate yalimtoka pembeni mwa mdomo, na Malimi ni mtoto wa mate tangu azaliwe. Chuoni, nilipokuwa nasoma stashahada ya kilimo, dalili za sumu ile tulizikariri zote. Hatukufundishwa kuzitafuta kwa mtoto anayecheka kwa sababu kidevu chake kinatekenywa.

Kama muuzaji alisema kweli, nilikuwa naenda kumwaibisha mama mzazi wa mume wangu bure. Masele alikuwa Bariadi kwa shughuli zake, na kabla ya kuondoka aliniomba neno moja tu: "Safari hii mwache mama yangu apumue." Kama muuzaji alidanganya, kila dakika niliyosimama pale ilikuwa ya mwanangu.

Goodness aliingia wakati huo, darubini shingoni, kitabu kwapani. Ni binti yangu mkubwa, kamaliza kidato cha sita anasubiri matokeo. Kila Jumamosi yeye na rafiki yake Zamda huenda ufukweni kuangalia ndege, kisha hukaa mchangani wakasomeana kitabu kinene cha habari za ndege na mimea ya ziwani. Nilishamwambia kwamba kwenda kusoma habari za ndege mbele ya ndege wenyewe ni kazi ya watu walioshiba. Tangu Alhamisi alikuwa hasemi nami vizuri. Alisema mle kwenye mafunjo wanalala na ndege wengine wasio na kosa. Nilimjibu kwamba na wenye mpunga wanalala, tena njaa.

"Nani kanyonyoa hawa?" aliuliza.

Hakungoja jibu. Alichuchumaa kwenye rundo la manyoya nyuma ya jiko, akalifukua kwa kijiti. Akasogeza pembeni manyoya mekundu kama damu, kisha kichwa kidogo cheusi chenye utosi wa manjano.

"Huyu si kwelea."

"Ndege ni ndege," alisema Mayu. "Kwenye mchuzi wote wanaitika."

"Bibi, kwelea ana mdomo mwekundu. Huyu mdomo wake mweusi, kifua ndicho chekundu. Huyu ni wa kwenye mafunjo. Shambani haendi, na Dutwa ni pamba na mahindi, mafunjo hakuna."

"Una uhakika?" nilimuuliza. "Goodness, usinijibu kwa hasira. Una uhakika?"

Alifungua kitabu, akasoma kama wanavyosomeana kule, polepole: "'Hukaa ndani ya mafunjo tangu kuanguliwa hadi kufa. Mtembezi atamsikia mara nyingi kabla ya kumwona, dume akiita na jike akimjibu kabla hajamaliza.'" Akakifunga. "Nimemsikia miaka miwili, Mama. Leo ndiyo namwona karibu."

"Kitabu kimewahi kupika?" Mayu alisema. Lakini mwiko ulikuwa umesimama.

Nilishika sufuria kwa kanga, nikaipeleka chooni, nikamimina yote shimoni, na vitunguu vyake na mafuta yake.

"Masele atanisikia!" Mayu alipiga kelele nyuma yangu.

"Atusikie wote. Hospitali."

Nilimwambia Goodness asishike kitu kwa mikono mitupu. Akachota manyoya na kile kichwa kwa kijiti, akatia kwenye kopo lenye mfuniko, nami nikalitia mkobani, maana daktari atauliza. Tulinawa sote kwa sabuni, na Malimi nikamsugua mpaka akalia. Kisha nilimpa Goodness kipaza sauti.

"Nenda stendi. Yule muuzaji huenda bado ana wengine. Waambie watu ulichoniambia mimi."

"Wakinicheka?"

"Waache wacheke, ilimradi hawali. Kimbia."

Alikimbia, darubini ikimpiga kifuani. Niliwasha pikipiki ya kazi, nikamkalisha Malimi mbele yangu. Mate yake yalinidondokea mkononi.

"Mayu, panda."

"Sijavaa viatu."

"Panda hivyohivyo."

Alinitazama kwa macho ya kunilaani. Halafu akajishika tumbo kidogo, akadhani sijamwona, akapanda. Niliingiza gia tukatoka.