Mtandio Uliopewa Taa Yake

Jamani, mtu anaweza kuharibu kitu kwa mapenzi matupu! Katika jumba zima la makumbusho, mtunza vitu hakuwa na kitu alichokipenda kama mtandio wa marehemu dada yake, aliyeufuma na kuutia rangi kwa mikono yake, nyekundu iliyokolea. Mama yao aliutoa kwa shingo upande, mradi urudi kama ulivyokwenda. Binti yake huyo mtunza vitu naye, kwa kumheshimu dada, akauweka mbele kabisa, karibu na dirisha, akaufungia na taa yake peke yake. Vitu vya watu wengine vilikaa gizani, mpaka akawa anavionea huruma.

Leo mama anakuja kuuchukua. Mtunza vitu akafungua kabati la kioo, akautandaza mtandio mezani, akachomoa pini na kubandua kadi ya maelezo iliyobanwa juu yake. Doa! Doa jekundu, katikati ya kitambaa!

"Nani kamwaga nini humu?" akafoka peke yake. Akachovya pamba majini, akasugua. Pamba ikawa nyekundu. Alhamdulillahi, linatoka! Akasugua tena kwa nguvu, huku akimlaani mfagiaji maskini asiye na kosa. Kisha akaona doa lina kingo nne zilizonyooka. Akairudisha kadi juu yake. Ikaenea sawasawa.

Ile ndiyo iliyokuwa rangi ya dada, imesalimika chini ya kadi tu. Kwingine kote mwanga ulikuwa umeila kidogo kidogo, naye akipita hapo kila asubuhi asione kitu. Na hicho kilichobaki, nusu yake kaifuta mwenyewe.

"Mwanangu, nimefika," mama akasema mlangoni. Akautupia jicho mtandio uliopauka kama tambara la kupigia deki, akaanza kuangaza huku na huku. "Mbona siuoni wa marehemu?"

"Ndio huo, mama."

"Usinitanie. Huo wa nani?"

Binti akaonyesha kwa kidole kipande chekundu. Mama akainama, akakitambua kile kipande, akapiga yowe.

"Mama, niliuweka mahali pazuri..."

"Zima taa!"

Taa ikazimwa, pazia la dirisha likavutwa. Mama alikuwa amekifunika kipande kile kwa kiganja, na hata giza lilipoingia hakuuinua mkono.