Kipini kwa Amri ya Chama

Adolphine alikuwa na kijipele kigumu upande wa kushoto wa pua, mahali ambapo zamani palikuwa na tundu. Bibi yake, mzaliwa wa Ujiji aliyeolewa Baraka, ndiye aliyemtoboa utotoni na kumvisha kipini cha fedha. Alipopelekwa kusoma kwa masista kule Fizi, sista mmoja alisema kipini ni mambo ya kipagani, akakichomoa na kukitupa chooni. Tundu likaziba. Kwa miaka mingi Adolphine alijiambia kwamba siku moja atalizibua, kwa kumkumbuka bibi yake, lakini kazi ya kukausha samaki na kulea watoto haikumwachia nafasi.

Kisha ikaja enzi ya authenticité, siasa ya chama ya kurudia asili ya Kiafrika. Majina ya Kizungu yakakatazwa hadharani, tai shingoni zikakatazwa, na akina mama wa kila mtaa wakaingizwa katika animasyo, kucheza na kuimba sifa za chama mbele ya wakubwa. Mkuu wa chama mtaani kwao, hapo Baraka, alikuwa Roger, ambaye sasa aliitwa Citoyen Asukulu, yaani Mwananchi Asukulu, na aliyeteleza ulimi akamwita Roger alijitafutia balaa. Alikuwa mtu mnene, midomo imelowa mafuta wakati wote, na ukucha wa kidole cha mwisho ameufuga kwa ajili ya kuchokonolea meno.

Habari zilipofika kwamba mgeni mkubwa kutoka Bukavu atapita Fizi, Asukulu aliwaita wachezaji wake wote uani kwake. Alikuwa akila matumbo ya mbuzi, sahani iko gotini.

"Bamama," alisema, "mugeni anataka kuona urembo ya kwetu ya kweli. Kila mwanamuke ataweka kipini mu pua. Mwenye hana tundu, atatobolewa sasa hivi."

Georgette, jirani yake Adolphine, alimnong'oneza, "We yako ilishatobolewa zamani. Itapita mbio tu."

Mtoboaji alikuwa Mama Mwavita, muuza ugoro wa sokoni. Alikaa kwenye kigoda, sindano moja mkononi, na kikopo cha mawese miguuni ambamo nzi wawili walikuwa wameshazama. Alianza na Georgette. Sindano ilipotoka na damu, aliipangusa kwenye kitenge chake, pale pale alipokuwa akipangusia vidole vya ugoro, kisha akamwita Adolphine.

"Mama, hiyo sindano haichemshwi?" Adolphine aliuliza.

"Kaa chini, mwanangu. Damu ya batu wote ni moja."

Adolphine alimtazama Asukulu. Asukulu aliacha kutafuna akamtazama pia. Adolphine akakaa.

Mama Mwavita alikibana kile kijipele kwa kucha zake mbili nyeusi. Kikatoka kitu cheupe, laini, kirefu kama mnyoo mdogo, chenye harufu ya mihogo iliyosahauliwa majini. Yule mama akakiweka kwenye ncha ya kidole, akakinusa, akawaonyesha wengine.

"Angalieni uchafu huyu amefuga," alisema.

Wanawake wakacheka. Adolphine alitamani ardhi immeze. Kitu kile kilikuwa ndani ya uso wake miaka yote, akila nacho, akilala nacho, akiwabusu watoto wake nacho. Kabla hajameza mate, sindano ikaingia. Ikagonga kovu, ikakataa; Mama Mwavita akaizungusha na kuisukuma, akimpumulia usoni pumzi ya tumbaku. Damu na kamasi vikateremka kooni kwa pamoja. Kisha kikapenyezwa kipini cha shaba kilichopakwa mawese. Asukulu alikuja kukagua. Kwa kidole kile kile cha matumbo alimwinua pua, akachungulia ndani.

"Sawa," akasema, akarudi kwenye sahani yake.

Baada ya siku chache pua ilivimba, ikawa nyekundu na kung'aa. Usaha wa kijani ulitoka, ukakauka, ukatoka tena. Nzi waliacha samaki kwenye chanja wakamfuata yeye. Mumewe, Eugène, alihamishia mto wake upande wa pili wa kitanda, na Adolphine hakumlaumu, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa akila kwa kuziba pumzi. Alitaka kukitoa kile kipini. Asukulu alipopata habari, alikuja mpaka mlangoni.

"Ukikitoa, utaenda kujieleza ku bureau," alisema. "Mugeni anakuja, we unalilia pua?"

Siku ya sherehe walipakiwa kwenye lori wakapanda milima hadi Fizi. Njia nzima wenzake waligeuzia nyuso upande wa upepo. Walipangwa uwanjani kwa mistari, wote katika vitenge vyenye picha ya mwenge wa chama, na Asukulu akapita akiwakagua katika abacost yake mpya, suti ya chama isiyovaliwa tai. Alisimama mbele ya Adolphine. Kipini hakikuonekana, kilikuwa kimefunikwa na gaga la usaha.

"Hii ni nini? Mugeni ataona nini hapa?"

"Citoyen, inauma sana. Usiguse."

Asukulu alilamba dole gumba lake, akaanza kulisugua lile gaga. Halikutoka. Akakandamiza.

Uvimbe ulipasuka. Usaha na damu vikaruka, vikamtapakaa kidevuni na kwenye mdomo wa chini, mdomo ambao ulikuwa wazi kwa sababu alikuwa bado anaongea. Alisimama akiwa ameganda. Akaonja alichoonja. Kisha akainama na kutapika juu ya viatu vyake, akatapika tena, na gari la mgeni lilipoingia uwanjani lilimkuta angali ameinama.

Ngoma zilianza, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuzizuia. Mgeni aliweka kitambaa puani, akapita haraka mbele ya ule mstari bila kutazama pua ya yeyote. Adolphine alichomoa kipini, akakiangusha kwenye majani, akajipangusa kwa pindo la kitenge, palepale penye mwenge. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi aliweza kuvuta hewa.

Hawakumfunga. Walimfukuza katika animasyo, na kila Jumamosi ya salongo, kazi ya lazima ya mtaa, wakampa kusafisha mifereji ya soko, kazi ambayo wengine waliikimbia. Asukulu alikuja kumsimamia, lakini alisimama mbali, mkono mdomoni. Georgette alimletea maji ya moto yenye chumvi, na kwa maji hayo pua ilipona. Adolphine aliliacha tundu lizibe.

Tundu la Georgette lilipona vizuri, naye akakipenda kipini chake. "Mi nakiona kizuri," alikuwa akisema, akigeuza shavu ili kipini kipate jua. "Nawe rudisha chako, hata kwa ajili ya bibi yako."

Adolphine alikitazama mara moja, akaikumbuka sindano ikipanguswa kwenye kitenge. Akainama kugeuza samaki, akamuuliza Georgette kama kule ziwani Swima vidagaa vya ndagala vimeanza kutoka.