Hariri Isiyo na Mnunuzi

Bwana Attoumane hakumkaribisha ndani. Alisimama mlangoni pa duka lake mtaani Magoudjou, akayatazama magunia mawili yaliyokuwa miguuni pa Zouhoura kama mtu aliyeletewa maiti isiyo ya ukoo wake.

"Nilikutumia salamu usije Moroni," alisema.

"Hazikunifika."

"Mnunuzi wangu alikuwa Majunga, kule Madagaska. Wenzetu wameuawa kule, waliosalimika wamerudi na nguo za mwilini tu. Leo nani atanipelekea mzigo Majunga? Rudi kwenu Mutsamudu, dada yangu."

Zouhoura hakuondoka. Magunia yale yalijaa vifukofuko vya hariri, mavuno ya msimu mzima. Viwavi wake walikula majani ya mforsadi mpaka wakashiba, kisha kila mmoja akajizungushia uzi na kujifungia ndani. Zamani alikuwapo Mfaransa aliyenunua. Uhuru ulipokuja akaondoka, akabaki Attoumane. Sasa hapakuwa na mtu.

"Basi nipe jiko na sufuria tu," alisihi. "Bado wako hai. Nisipowafukiza kwa mvuke wafe leo, watageuka nondo, watatoboa watoke, na uzi utakatika vipande vipande. Nani atanunua vipande?"

"Mbona hukuwafukiza kwenu?"

Zouhoura aliteremsha sauti. Jirani yake Loutfia alikuwa ameeneza habari kwamba kile chumba cha Zouhoura, asimoruhusu mtu kuingia, kina wadudu wa uchawi. Na enzi hizo za utawala wa Ali Soilih, kamati za vijana zilikuwa zikiwasaka wachawi na kuwaaibisha hadharani. Angethubutu vipi kuwasha moto chini ya chungu cha wadudu?

Attoumane aliangalia huku na huku. "Hata hapa kuna macho," alisema, akafunga mlango.

Macho yalikuwapo kweli. Kabla Zouhoura hajafika kwenye kituo cha teksi, vijana watatu wa kamati walimzuia. Kiongozi wao alikuwa msichana mwembamba aliyeitwa Moina.

"Umebeba nini, mama?"

"Mazao."

Moina aliinua kichwa aliposikia lafudhi ya kisiwa kingine. "Ya Nzwani? Fungua."

Zouhoura alifungua. Juu ya vifukofuko vyeupe nondo mmoja, mnene, mbawa bado zimelowa, alikuwa akitambaa. Kijana mmoja aliruka nyuma. "Uchawi huo! Leteni mafuta ya taa!"

"Si uchawi, ni hariri!"

"Hariri ya kuvalia harusi za makabaila," alisema Moina. "Serikali imekwisha kuzipiga marufuku harusi hizo. Ni yako?"

Zouhoura aliona jibu la kweli litampeleka wapi. "Si yangu peke yangu. Ni ya ushirika, kama serikali inavyotaka," alisema. "Ushirika wa wanawake wa mtaa wetu. Tunalima mforsadi pamoja."

"Taja mmoja."

Jina la kwanza lililomtoka, kwa hofu tu, lilikuwa Loutfia.

Moina alimkazia macho, kisha akawarudisha nyuma wenzake. Walimpeleka kwenye ua wa ofisi ya kamati, akapewa kuni na pipa la maji. Zouhoura alifukiza mavuno yake mbele yao na kuyaanika juani, akawatupa kando wale waliokwisha toboa. Hakuna aliyecheka, wala aliyemsaidia.

"Vilivyokauka vitakaa?" Moina aliuliza.

"Vitakaa mpaka apatikane mnunuzi."

"Vizuri. Nina safari ya Mutsamudu. Nitamuuliza huyo Loutfia."

Zouhoura aliwahi chombo cha kwanza cha kurudi kisiwani kwao. Alipofika kwao hakupita nyumbani. Aliingia moja kwa moja kwa jirani yake, akayatua magunia sakafuni na kumweleza yote. Loutfia alishika mdomo.

"Umeniingiza mimi kwenye wadudu wako bila kuniuliza?"

"Na wewe uliniingiza kwenye uchawi bila kuniuliza. Wakija ukasema humjui mdudu hata mmoja, mimi nimekwisha. Lakini jina lako nalo limeshatajwa mbele ya kamati. Mchawi akiwa na mwenzake, huyo mwenzake ataitwa nani?"

Loutfia alilisogelea gunia. Kisha akaingiza mkono guniani, taratibu, kama anayeingiza kwenye mzinga wa nyuki, akatoa kifukofuko kimoja na kukitikisa sikioni. Mdudu mkavu aligonga ndani.

"Wanakula nini hawa?" aliuliza.

Moina alipofika, aliwakuta wanawake wawili wakichuma majani ya mforsadi.

"Nani mwenye mali hii?"

Zouhoura alimtazama Loutfia.

"Sisi," alisema Loutfia bila kugeuka. "Na ofisi yenu ikituletea mnunuzi tutashukuru, maana mmetuondolea harusi na Majunga imefungwa."

Moina alisema atauliza. Hakurudi tena.

Magunia yalirudishwa chumbani kwa Zouhoura, yakabaki bila mnunuzi. Jioni moja Loutfia alikuja na mtungi wa maji, akauliza maji yanatakiwa yawe moto kiasi gani ili uzi wa vifukofuko uanze kufunguka. Zouhoura alimsogezea kigoda.